Bila katuni, uji haunyweki

Mwanangu mdogo alipofikisha miaka miwili na nusu, uji ulikuwa haushuki bila katuni. Simu naiegemeza kwenye chupa ya chai, yeye kakodoa macho, mimi napenyeza kijiko. Dakika kumi bakuli jeupe. Nilijiona mjanja, hadi asubuhi moja bando likakata kijiko kikiwa njiani. Alitema hata kilichokuwa mdomoni, akaangua kilio mpaka jirani akaja kuuliza kama kaungua.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Aprili 2019: wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Nikapiga hesabu ya kwetu. Asubuhi uji, mchana dada wa kazi anapika, jioni mimi nimetoka kazini hoi, foleni ya Tabata imenimaliza. Saa moja tulikuwa tunaimaliza kabla ya adhuhuri. Na mara zote hizo, mwenye shida na simu alikuwa mtu mzima.

Ndiyo maana nakwambia usianze kwa kumnyang'anya mtoto. Mimi nilianza hivyo, siku ya tatu nikakuta dada kampa simu yake mwenyewe. Sikumlaumu, maharage yako jikoni, mtoto anang'ang'ania kanga, angefanyaje? Tulikaa tukaongea, na wazo likatoka kwake: anamkalisha kwenye mkeka mlangoni, anampa fungu la matembele achambue. Majani anayachanachana, mengine anatupia kuku, lakini chakula kinaiva bila simu.

Kwenye uji nilianza Jumamosi, siku ambayo sina haraka. Alikunywa vijiko vitatu akagoma. Nikaondoa bakuli, sikubembeleza. Saa nne alikuja mwenyewe kuulizia. Ilichukua kama wiki mbili, na kelele zilikuwepo. (Kama wako ana uzito mdogo kliniki, ongea na muuguzi kwanza, usimjaribishie njaa.)

Mkubwa, wa darasa la kwanza, alikuwa na mlango wake wa kuipata simu. Kazi za nyumbani zinatumwa kwa picha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, mara nyingi saa mbili usiku. "Mama, naomba simu nifanye homuweki." Hesabu dakika tano, halafu saa nzima anaangalia watu wakifungua maboksi ya midoli. Sasa nanakili maswali kwenye daftari mwenyewe, simu inarudi kwenye mkoba. Kwenye kikao cha wazazi nikamwomba mwalimu atume kabla ya saa kumi na moja jioni. Alikubali, ingawa kuna siku anachelewa. Siku hizo mtoto analala, naandika mstari mmoja kwenye daftari kueleza.

Katuni hatujazifuta. Zinaangaliwa kwenye TV ya sebuleni, wote tukiwepo, na ile tabia ya video kujifuatanisha zenyewe nimeizima kwenye mipangilio. Hilo moja limenipunguzia ugomvi kuliko vitisho vyote, maana katuni ikiisha, imeisha.

Aliyebaki ni mimi. Juzi nasoma meseji mezani, mdogo akaisogelea simu yangu na kijiko kimejaa. "Simu, kunywa uji." Umeingia wote kwenye tundu la chaji. Fundi kanitoza elfu tano.