Phoenix kuukuu, sura ya mbio za mbao

SWALI: Mafundi, salaam. Nina Phoenix ya ringi 28, ile yenye bomba mbili juu na breki za vyuma. Nataka ifanane na pikipiki za zamani za Marekani zilizoshindana kwenye viwanja vya mbio vilivyotandikwa mbao: usukani ulioinama, tangi jembamba, bila madigadi. Halafu niifunge mota. Nimeona injini za tustroki za baiskeli (zile za kuchanganya oili kwenye petroli), na jirani ananiuzia injini ya pampu ya maji. Nichukue ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Salaam, ndugu. Mota iweke kando kwanza. Sura unayoitaka fremu yako inayo nusu nzima. Pikipiki zilizokimbia Playa del Rey, karibu na Los Angeles, uwanja wa mbao wa huko ulipofunguliwa 1910, zilikuwa bado na umbo la baiskeli: magurudumu makubwa membamba na tangi lililoning'inia chini ya bomba la juu. Pengo kati ya bomba zako mbili ndiyo nafasi ya tangi. Tengeneza kwanza boksi la karatasi ngumu, lifunge, panda, piga pedali. Likizidi upana wa sentimita 9 hivi, magoti yataligusa. Ukiridhika ndipo ukate bati la milimita 0.8.

Wengi hukwama kwenye usukani. Wanaugeuza chini juu, unapendeza kweli, kisha wanagundua kwamba mikono ya breki na fito zake zimeshikana na usukani huohuo. Kufunga breki za waya hakusaidii, maana breki za vyuma hubana ringi upande wa spoki, na ubavu wa ringi hizo ni wa mviringo: mpira wa breki ya waya hauna pa kushika. Pikipiki za viwanja vya mbao hazikuwa na breki kabisa. Hilo usiliige.

Dawa ni ringi za 700C za alumini zenye ubavu bapa. Kipenyo chake, panapokaa tairi, ni milimita 622, cha ringi zako ni 635, kwa hiyo mpira wa breki unashuka milimita 6.5 tu, breki yenye mikono mirefu inafika. Ila usidhani utahamisha habu zako, yaani vitovu vya magurudumu. Phoenix ina spoki 40 nyuma na 32 mbele, na ringi nyingi za 700C zina matundu 36. Nunua na habu, ya nyuma iwe ya gia moja, na upime nafasi kati ya masikio ya fremu, pale ekseli inapokaa, kabla hujalipa.

Sasa mota. Injini ya pampu mwachie jirani. Ile ya 163cc ina karibu kilo 15 na upana wa sentimita 36, pedali hazitazunguka.

Tustroki inayouzwa kama 80cc huwa karibu 66cc. Inaingia kwenye fremu, lakini sproketi yake ya nyuma hufungwa kwenye spoki kwa bolti 9, hesabu ya gurudumu la spoki 36. Kwenye spoki 40 haikai sawa: inayumba, cheni inaruka, spoki zinakatika. Hata kwenye 36, kaza bolti kwa kuvukavuka, kidogo kidogo, huku ukizungusha gurudumu. Usiweke mpira kati ya injini na fremu. Injini itacheza na kukata bolti zake. Kwa lita 5 za petroli weka mililita 250 za oili mwanzoni, baadaye 200.

Ushauri wetu ni mota ya umeme iliyo ndani ya habu ya mbele, volti 36, wati 250. Betri ya Ah 10 yenye seli 40 za 18650 (betri ndogo za duara) ni kama sentimita 20 kwa 8 kwa 7, inajificha ndani ya tangi, na kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa itakupa kilomita 25 hadi 35 ukisaidia kwa pedali. Foku iwe ya chuma, pengo kati ya masikio yake milimita 100. Funga na mkono wa chuma wa kuzuia ekseli isizunguke: mota ikisukuma gurudumu mbele, ekseli inasukumwa nyuma, na bila kizuizi inapanua tundu la foku, inang'oka na kukata nyaya.

SWALI: Tangi langu la bati linavuja kwenye kona. Petroli nimeshaitoa. Nilirudishe kwa fundi alichomelee?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Kuliosha mara moja hakutoshi. Likate upande wa chini kwa mkasi wa bati, nje, mbali na moto, na usitumie grenda. Kisha tia ndani kitangi cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya petroli. Bati libaki pambo.