Mwanangu, mwambie aandike juu ya mpishi wa Montgomery

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Baba yako hajambo, ni mgongo tu unaomsumbua mvua zikianza. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Umesema mjukuu wangu kapewa kazi shuleni: aandike kurasa mbili juu ya mtu mmoja aliyeibadili historia ya Marekani, mwanamume au mwanamke. Wenzake wameshagawana Lincoln, Martin Luther King na Rosa Parks. Ukaniuliza, "Mama, wewe umefundisha historia miaka yote hiyo, amchukue nani?"

Amchukue Georgia Gilmore.

Najua jina hilo hukulitegemea. Hata mimi darasani sikulijua. Tulifundisha mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, watu weusi walipokataa kupanda mabasi yaliyowabagua, kwa aya mbili: Rosa Parks akakataa kumpisha Mzungu kiti Desemba 1, 1955, akakamatwa, King akahutubia, mahakama ikaamua. Nilipostaafu nikapata nafasi ya kusoma taratibu, ndipo likanijia swali ambalo nilipaswa kuwauliza wanafunzi wangu zamani sana. Watu wale waliyasusia mabasi kwa siku 381. Gharama zake nani alizibeba?

Maana walikuwa na kazi za kwenda. Wanawake wengi walikuwa wapishi, wafuaji na walezi katika nyumba za Wazungu, upande wa pili wa mji. Nauli ya basi ilikuwa senti 10. Madereva weusi wa teksi wakaanza kubeba watu kwa senti hizo hizo 10, lakini wakuu wa mji wakawabana kwa sheria iliyosema abiria asitozwe chini ya senti 45. Ikabidi watu watoe magari yao binafsi, kisha yakanunuliwa magari makubwa yakasajiliwa kwa majina ya makanisa. Sasa piga hesabu: petroli, tairi, spea, fundi, kila siku ya Mungu. Bima zikafutwa, mpaka wakaipata kwa Lloyd's, huko London. Fedha hizo zote zilitakiwa kila wiki, na nyingine zilitoka jikoni kwa kina mama.

Gilmore alizaliwa mwaka 1920. Alikuwa na watoto sita, akifanya kazi ya upishi kwenye mgahawa, na ukunga pia aliufanya. Oktoba 1955, kabla Rosa Parks hajakamatwa, alipanda basi kwa mlango wa mbele akalipa nauli. Dereva akamwambia ashuke, akapandie mlango wa nyuma. Akashuka. Kabla hajaufikia mlango, basi likaondoka na nauli yake. Akaapa kutopanda tena. Kwa hiyo yeye alianza kugoma miezi miwili kabla ya mji, peke yake, kwa miguu yake.

Desemba 5 watu walijaa katika kanisa la Kibaptisti la Holt Street, wengine wakabaki nje. King alikuwa na miaka 26 tu. Gilmore na wenzake walikuwa wamechanga dola 14, wakanunua kuku, mikate na saladi, wakatengeneza sandwichi wakawauzia waliokuja kusikiliza. Faida wakaitoa kwa mgomo. Baada ya hapo hawakuacha. Walipika samaki wa kukaanga, keki, pai za viazi vitamu, wakaviuza kwenye saluni, kwa madobi, kwenye vituo vya teksi na mlango kwa mlango. Wazungu nao walinunua, wengine bila kujua fedha inakwenda wapi, wengine wakijua.

Hapa ndipo nataka mjukuu wangu atulie. Wengi wa wapishi hao walikuwa wameajiriwa na Wazungu, na wengine walipanga nyumba za Wazungu. Jina likijulikana, kibarua kimeota nyasi na nyumba huna. Kwa hiyo kikundi kikaitwa kwa Kiingereza Club from Nowhere, jina ambalo kwa lugha yetu ningesema Kikundi cha Kusikojulikana. Mtu akiuliza fedha zimetoka wapi, jibu ni kwamba hazikutoka popote. Gilmore peke yake ndiye aliyejua nani kapika na nani kanunua. Alizipeleka taslimu kwenye mkutano kanisani, zaidi ya dola 100 kwa wiki, na watu wakasimama kumshangilia. Wanawake wa upande wa magharibi wa mji, wakiongozwa na Inez Ricks, wakaanzisha kikundi chao, na vikundi viwili hivyo vikawa vinashindana nani kaleta zaidi.

Unamkumbuka bibi yako, mama yangu? Wewe ulimkuta ameshachoka. Mimi nilimjua wakati anauza vitumbua stendi. Aliloweka mchele jioni, akaamka saa tisa usiku, na mimi namshikia taa ya chemli huku anageuza vitumbua kwa kijiti kimoja, haraka haraka, visiungue upande mmoja. Mauzo aliyafunga kwenye pindo la khanga. Siku nilipokwenda chuo cha ualimu, alifungua lile fundo kwa meno, akanihesabia noti zilizonuka mafuta na hiliki. Kwenye mahafali yangu walishukuriwa wageni wa heshima na wakufunzi, yeye akiwa amekaa nyuma kabisa na beseni lake. Jambo lile lingali linaniuma. Niliposoma habari za Gilmore anabeba fedha za pai kwenda kanisani, nililiona lile pindo.

Usidhani namtoa King kwenye nafasi yake. Alifungwa, nyumba yake ikatupiwa bomu Januari 1956 mkewe na mtoto wakiwa ndani. Machi mwaka huo alishtakiwa kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kususia biashara, na Gilmore akasimama kizimbani kumtetea, akaeleza mbele ya jaji habari za dereva yule. Baada ya ushahidi huo akafukuzwa kazi. King ndiye aliyemshauri apike nyumbani kwake, ajiajiri, akampa na fedha ya kuanzia. Sebule yake ikawa mgahawa, na viongozi wa harakati wakawa wanakula na kufanya vikao pale.

Novemba 1956 Mahakama Kuu ya Marekani iliridhia hukumu kwamba ubaguzi ndani ya mabasi ya Montgomery unavunja katiba, na Desemba 21 watu wakapanda na kukaa wanapotaka. Vitabu vingi vinaishia hapo. Gilmore hakuishia hapo. Mwaka 1957 mwanawe alipita katikati ya bustani ya Oak Park, ambayo watu weusi hawakuruhusiwa, polisi wakampiga. Mama akaenda mahakamani. Mwaka 1959 akashinda, lakini halmashauri ya mji, badala ya kuwaruhusu watoto weusi waingie, ilikuwa imeshafunga bustani zote. Zilikuja kufunguliwa mwaka 1965. Kesi ikaendelea kwa mambo mengine ya ubaguzi mpaka ikafika Mahakama Kuu mwaka 1974, na hadi leo wanasheria wanaisoma kwa jina lake: Gilmore dhidi ya Mji wa Montgomery. Mpishi, mwanangu. Jina lake liko katika vitabu vya sheria vya nchi ile.

Kama mtoto atakuwa na nafasi ya mtu wa pili, amweke Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Alabama State. Usiku ule Rosa Parks alipokamatwa, Robinson alikwenda chuoni na wanafunzi wawili na mwalimu mwenzake, wakadurufu makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuitisha mgomo. Walipanga tangazo mara tatu kwenye karatasi moja ili wakate vipande vitatu. Mimi mashine hizo za stenseli nimezitumia miaka mingi kuchapa mitihani. Najua wino unavyoingia kwenye kucha na usitoke siku mbili, na najua mkono unavyouma baada ya karatasi mia tano.

Gilmore alifariki Machi 1990. Siku hizo Alabama walikuwa wanaadhimisha miaka 25 ya maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery, ya kudai haki ya kupiga kura, naye alikuwa ameamka mapema kuwapikia watu wa maadhimisho kuku na makaroni ya jibini. Chakula kile ndicho waliokuja msibani walikula.

Hapo Atlanta mlipo, Montgomery ni safari ya saa mbili na nusu kwa gari. Mbele ya nyumba yake, Mtaa wa Dericote, kuna bango la kumbukumbu. Mpeleke mtoto alione kabla hajaandika, na mpite pia kwenye jengo la zamani la kanisa la Holt Street, ajue umbali aliotembea yule mama na zile fedha. Akimaliza, nipigieni Jumapili anisomee mwenyewe, kwa Kiingereza chake hicho hicho, mimi nitasikia. Amebeba jina la mama yangu, kwa hiyo mwambie ni mimi, binti yake, ndiye ninayemwomba.

Mama yako