Kabla hujatoboa mti kutafuta uchafuzi wa zamani

Wanafunzi wanaonijia wakitaka kupima uchafuzi wa hewa wa miaka iliyopita kwa kutumia pete za miti, yaani miduara ambayo mti hujenga ndani ya mbao, kwa kawaida mmoja kila mwaka, huanza kwa kuniuliza gharama za maabara, ilhali swali la kwanza ni mti gani utobolewe. Mwembe wa kando ya barabara hauna kipindi cha kupumzika kinachoeleweka vizuri, hivyo pete zake hazitegemeki. Mimi huchagua mtiki, kwa sababu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mvua zinaporejea hujenga kwanza safu ya vitundu vikubwa ambavyo, ukikata uso wa mbao kwa wembe mkali na kuulowesha kidogo, unaviona kwa macho matupu. Hata mtiki hudanganya: mvua zikikatika katikati ya msimu huweza kuweka pete ya ziada, kwa hiyo linganisha miti kadhaa ya shamba ambalo mwaka wake wa kupandwa unajulikana.

Katika kila mti toa vijiti viwili kwa keekee yenye uwazi ndani, baada ya kupata ruhusa ya mwenye shamba, au, kwa Tanzania, ya Wakala wa Huduma za Misitu ikiwa ni hifadhi ya serikali. Kijiti kimoja kipige msasa kwa ajili ya kuhesabu pete. Cha pili kisiguswe na msasa hata kidogo, maana vumbi lake hujaa kwenye vitundu na kuhamisha madini ya risasi, yale yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli, kutoka pete moja hadi nyingine. Kikwangue kwa wembe safi pande zote, kwa kuwa keekee ya chuma huacha chembe zake. Binafsi sizipi uzito takwimu za kromiamu na nikeli, metali zinazoweza kutoka kwenye keekee yenyewe, zinazotokana na sampuli zisizokwanguliwa.

Usomaji wa risasi ndio unaohitaji subira zaidi. Petroli yenye risasi ilikuwa imeachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, hivyo mtu hutarajia kiwango kishuke papo hapo katika pete za baada ya hapo. Lakini risasi huweza kupenya kwenye gome, ile iliyotua ardhini hudumu miaka mingi, na sehemu yake huweza kusogea kutoka pete moja hadi ya jirani wakati mbao ya nje ingali hai. Ukiona kiwango kimebadilika ghafla, angalia kwanza kama badiliko hilo liko mahali mbao nyeupe inapokutana na kiini cheusi. Likiwa hapo, huenda unapima maumbile ya mti wala si moshi wa magari. Toboa pia mitiki ya rika hilohilo iliyo mbali na barabara, na uripoti matokeo kwa vipindi vya miaka mitano au kumi badala ya mwaka mmojammoja.

Anayefuatilia zebaki karibu na machimbo madogo ya dhahabu ana nafuu kidogo, kwani mvuke wake huingia mtini hasa kupitia majani. Huyo asikaushe sampuli zake kwenye joto kali, kwa sababu zebaki hugeuka mvuke upesi.