Ukitaka kompyuta ya programu huria tupu, anza na waifai

Watu wakiniomba niwasaidie kuchagua laptopu itakayotumia programu huria tupu, yaani zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza, karibu wote huanza na prosesa na RAM. Mimi huwauliza kwanza: waifai yake ni ya chipu gani? RAM haijawahi kunisumbua, wala diski. Kinachosumbua ni waifai, halafu grafiki, na Bluetooth nayo haiko mbali.

Tatizo ni famwea, ile programu ndogo ambayo mfumo huipakia ndani ya kifaa kinapowashwa. Kadi nyingi za waifai za leo, za Intel zikiwemo, hazifanyi kazi bila famwea ambayo msimbo wake umefungwa. Keneli (kiini cha mfumo) ya kawaida ya Linux huipakia kimyakimya, nawe huna habari. Weka Trisquel au Parabola, mifumo ya Linux yenye programu huria tupu, ambazo hutumia Linux-libre, keneli iliyoondolewa vipande hivyo, utaona orodha ya mitandao iko tupu.

Ndiyo maana ukienda kujaribu mashine kwa mfumo unaowaka kutoka kwenye flashi, uangalie flashi yenyewe ina nini. Usijaribu kwa mifumo maarufu ya Linux kama Ubuntu, wala kwa Debian 12 ya mwaka 2023 na zilizofuata, kwa sababu visakinishi vyake huja na famwea zisizo huria. Kila kitu kitafanya kazi, utafurahi, utalipa, kisha shida utaikuta nyumbani. Nenda na Trisquel. Unganisha intaneti bila waya, cheza video, funga kifuniko ilale, kifungue uone kama inaamka na waifai bado ipo. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo, mwachie mashine yake.

Kama mashine iko mbali, mwombe aliye nayo aandike lspci -nn kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri) akutumie majibu. Karibu na mwisho wa kila mstari, ndani ya mabano ya mraba, kuna namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha: ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya kifaa. Hizo ndizo za kutafuta kwenye h-node, hazina ya taarifa za vifaa vilivyojaribiwa na programu huria. Jina la modeli halitoshi hata kidogo. Chukua adapta ya USB ya TL-WN722N: toleo la 1 lina chipu ya AR9271, ambayo msimbo wa famwea yake uko wazi, toleo la 2 likaja na chipu ya Realtek, jina likabaki lilelile. Ukiichomeka na kuandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, unataka kuona 0cf3:9271. Ukiona namba nyingine, irudishe.

Kwa kadi ya ndani, tafuta za Atheros zinazotumia draiva (programu inayoendesha kifaa) ya ath9k, maana hazihitaji famwea ya kupakiwa. Ni za kizazi cha 802.11n, kiwango cha waifai cha zamani, kwa hiyo usitegemee kasi ya vifaa vipya, kwangu inatosha. Ila kabla hujashika bisibisi, ujue kuna laptopu, ThinkPad za zamani zikiwemo, ambazo BIOS yake, programu inayoiwasha mashine kabla ya mfumo, hukataa kadi isiyomo kwenye orodha yake. Hapo adapta ya USB ndiyo njia rahisi.

Upande wa grafiki, chagua ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, hasa za kabla ya Skylake, kizazi cha prosesa za Intel cha mwaka 2015. Za AMD zinataka famwea iliyofungwa, na NVIDIA tangu familia ya GTX 900 zinataka famwea iliyotiwa saini na kampuni yenyewe. Mimi hizo siziangalii mara mbili.

Wapo watakaokwambia bila Libreboot, programu inayochukua nafasi ya BIOS, hujafanya kitu. Wana hoja: kwenye ThinkPad X200 unaweza kubadilisha BIOS nzima na kuiondoa kabisa Intel ME, mfumo uliofungwa unaoendeshwa pembeni ndani ya chipu za Intel. Lakini hiyo ni mashine ya mwaka 2008, na mikutano ya video itakutoa jasho. Kama ni mara yako ya kwanza, sikushauri uanzie huko. Pata kwanza mashine ambayo mfumo huria unaendesha kila kifaa chake, BIOS utaifikiria baadaye. Na kama hutaki kabisa kuhangaika na namba za chipu, tafuta vifaa vyenye cheti cha RYF (Respects Your Freedom) cha Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huria; ni vichache, na vingi ni vya zamani, lakini kazi ya kuvichunguza imeshafanywa.

Printa ni rahisi zaidi: nunua inayoelewa PostScript, lugha ya kuielezea printa kurasa, na uachane na ile inayodai plagini ya ziada ya kampuni.