Mfuko wa zipu na uvumi wa viungo

Ebola ilipotangazwa Mubende, Uganda, tarehe 20 Septemba 2022, wapo waliosema hakuna ugonjwa, ni biashara ya viungo vya watu. Kabla hujacheka, tazama walichokuwa wakikiona. Homa ilianza kama malaria. Mgonjwa akachukuliwa mahali ambapo ndugu hawaingii. Akifa, maiti hunyunyiziwa klorini, hutiwa kwenye mfuko wa zipu na kuzikwa na watu waliojifunika hadi uso. Haoshwi, haagwi kwa mazoea. Aliyezuiwa kumwosha mama yake lazima ajiulize: wanaficha nini? Asipojibiwa mapema, jirani atamjibu.

Halafu kuna kurudiwarudiwa. Ukilisikia jambo kwa mtu wa boda, ukalikuta sokoni, jioni shangazi akalituma WhatsApp, unahesabu mashahidi watatu, kumbe chanzo ni kimoja. Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umepita mikono mitano au zaidi.

Usimwambie mtu kwamba wakubwa hawadanganyi. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwaacha wanaume weusi wenye kaswende bila tiba hata baada ya penisilini kupatikana. Ila njama ile ilikuwa na mafaili, tarehe na majina, na aliyeitoboa alikuwa mfanyakazi wa idara yenyewe. Uvumi hauna hayo, na kila ukiupinga, unaambiwa nawe umelipwa.

Kwa hiyo usibishane kwenye kikundi cha ukoo. Mbele ya watu thelathini kila mtu hulinda heshima yake. Mpigie simu. Muulize, "Shangazi, hasa ni kipi kinachokutia shaka?" Mwache amalize, kisha jibu hicho kimoja tu. Anza na ukweli: maiti ya Ebola bado ina virusi kwenye majimaji yake, ndiyo maana haioshwi. Uvumi utaje mara moja, maana ukiurudia unaukaza kichwani. Kosa la wengi ni kummwagia hoja kumi. Ataishika iliyo dhaifu na kusahau tisa.

Wanaosimamia mazishi wana dawa bora kuliko maneno: familia iruhusiwe kuchimba kaburi, kusali, na kumtazama marehemu kwa mbali kabla zipu haijafungwa.