Rais anaweza kushtakiwa kwa uhaini, ila soma katiba kwanza

Ndugu, umeuliza inakuwaje rais ashtakiwe kwa uhaini wakati yeye ndo dola yenyewe. Hapana aisee, yeye sio dola, hilo wazo ni la enzi za wafalme na hata huko lilishakufa, Charles wa Kwanza wa Uingereza alikaa mahakamani Januari 1649 na kofia kichwani, akagoma kabisa kujibu mashtaka akawa anauliza tu mnanishtaki kwa mamlaka ya nani, wakamhukumu hivohivo na akakatwa kichwa.

Sasa cha kuangalia ni kifungu cha kinga kwenye katiba ya nchi husika. Nyingi zinamkinga rais na jinai akiwa madarakani, ila Korea Kusini kifungu cha 84 kinatoa kabisa uasi na uhaini kwenye hiyo kinga. Ndo maana aliyekuwa rais wao, Yoon Suk-yeol, alipotangaza sheria ya kijeshi usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, wanajeshi wakaingia bungeni na wabunge wengine wakaruka uzio ili wawahi kupiga kura ya kuifuta, Januari 2025 akafunguliwa kesi ya uasi na hapo alikuwa bado hajavuliwa urais.

Pakistan nao rais wao wa zamani, Musharraf, alihukumiwa kifo 2019 kwa kusimamisha katiba 2007, ila hapo alikuwa alishatoka madarakani na alikuwa nje ya nchi.

Kwahiyo usiishie kwenye neno kinga, soma mpaka pale palipoandikwa “isipokuwa”.