Maswali ya Wasomaji: Je, lukemia inaua kwetu kuliko kwingine?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Tunaishi katika kaunti ya mashambani hapa Iowa, Marekani, yenye watu kama 40,000. Idara ya afya ya kaunti imetupa hesabu ya vifo 22 vya lukemia (saratani ya chembe za damu) kwa miaka 5. Nimepiga hesabu nikapata vifo 11 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Kwenye tovuti ya serikali, kiwango cha taifa ni kama 6 tu. Maana yake tunakaribia mara mbili! Maji yetu ni ya kisima, na pande zote kuna mashamba yanayopuliziwa dawa. Majirani wanazungumzia kuhama. Je, nimekosea mahali? — *Msomaji, Iowa*

JIBU: Kugawanya kwako hakuna kosa. Watu 40,000 kwa miaka 5 ni sawa na miaka 200,000 ya maisha ya watu, na vifo 22 juu ya hiyo ni 11 kwa kila 100,000. Tatizo liko kwenye ile 6. Umelinganisha namba mbili zisizo za aina moja.

Namba yako ni kiwango ghafi: vifo juu ya wakazi, basi. Ile 6 ya taifa imerekebishwa kwa umri, yaani imehesabiwa kana kwamba Marekani bado ina mgawanyo wa rika uliokuwepo mwaka 2000, ambao ulikuwa wa vijana zaidi kuliko wa leo. Kiwango ghafi cha taifa ni kikubwa kuliko hapo. Lukemia huua zaidi ya watu 23,000 kwa mwaka nchini Marekani, katika watu zaidi ya milioni 330, na hiyo inakaribia 7 kwa kila 100,000. Hujagusa bado habari za kaunti yako, na tayari pengo limeanza kupungua.

Sasa umri wenyewe. Watu wengi huijua lukemia kama ugonjwa wa watoto, kwa sababu ndiyo saratani inayowapata watoto kuliko zote. Lakini wanaokufa nayo wengi ni wazee. Karibu nusu ya vifo vya lukemia Marekani hutokana na aina moja, lukemia kali ya mieloidi, ambayo nusu ya wagonjwa wake hugunduliwa wakiwa wanakaribia miaka 70 au wameshaivuka. Kaunti za mashambani zimejaa wazee kwa sababu vijana huenda mijini kutafuta kazi. Tena kukiwa na nyumba kubwa ya kulea wazee ndani ya kaunti, waliohamia humo kutoka kaunti jirani huandikwa kuwa wakazi wa kwenu.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: kama wakazi wetu, kwa umri walio nao, wangekufa kwa kasi ileile ya taifa, tungetarajia vifo vingapi? Kazi hiyo ni ya jioni moja kwa kalamu na kikokotoo. Chukua idadi ya wakazi kwa kila rika kutoka Ofisi ya Sensa. Kisha ingia kwenye mfumo unaoitwa WONDER wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, chagua vifo kwa chanzo cha msingi, weka misimbo ya lukemia, C91 hadi C95, miaka ileile 5, na uombe viwango vya taifa kwa kila rika. Zidisha wakazi wa kila rika kwa 5, zidisha tena kwa kiwango cha rika hilo, gawa kwa 100,000.

Tuonyeshe kwa mfano. Idadi za rika na viwango hapa chini ni vya mazoezi tu. Za kwenu uzitoe kwenye chanzo.

Chini ya miaka 50: wakazi 22,000, kiwango 1. Vifo vinavyotarajiwa kwa miaka 5: 1.1.
Miaka 50–64: wakazi 9,000, kiwango 5. Vifo: 2.25.
Miaka 65–74: wakazi 5,500, kiwango 18. Vifo: 4.95.
Miaka 75 na zaidi: wakazi 3,500, kiwango 50. Vifo: 8.75.

Jumla ni 17.05. Tazama mstari wa mwisho: watu wasiofika hata mmoja kati ya kumi wanatoa zaidi ya nusu ya vifo vyote vinavyotarajiwa. Ukigawa 22 kwa 17.05 unapata 1.29. Ile "karibu mara mbili" imeshuka hadi asilimia 29 juu ya taifa.

Bado kuna bahati. Vifo 22 ni vichache, na vichache huyumba. Pasipo jambo lolote kubadilika katika maji au hewa, miaka mitano mingine ingeweza kuleta 16 au 28. Kwa hesabu za Poisson (kanuni ya takwimu ya kupima bahati katika matukio machache), mipaka ya asilimia 95 kwa vifo 22 ni kama 13.8 hadi 33.3. Gawa yote mawili kwa 17.05: unapata 0.81 hadi 1.95. Kwa kuwa 1 iko katikati ya mipaka hiyo, hesabu hii haiwezi kutenganisha kaunti ya mfano na taifa. Angalia pia kwamba haijasema kaunti iko salama, 1.95 nayo imo. Inachosema ni kwamba vifo 22 havitoshi kuamua, na hapo ndipo wengi huteleza, upande wa hofu na upande wa kupuuza. Kama huna jedwali la Poisson, chukua kipeuo cha pili cha 22 (kama 4.7), zidisha kwa 2, ongeza na punguza. Utapata 12.6 hadi 31.4, ambayo inatosha kwa makadirio. Vifo vikiwa chini ya 20, usitumie njia hiyo ya mkato.

Ukipenda kutopiga hesabu, tovuti ya pamoja ya Taasisi ya Taifa ya Saratani (NCI) na CDC ina viwango vya kila kaunti vilivyokwisha kurekebishwa, pamoja na mipaka yake. Soma mipaka kwanza, kiwango baadaye. Safu ya wastani wa vifo kwa mwaka hukadiriwa hadi namba nzima: vifo 22 kwa miaka 5 ni 4.4, nayo huandikwa 4, kwa hiyo usiizidishe kwa 5 ukadhani umeirudisha hesabu kamili. Ukikuta nafasi imefichwa, maana yake matukio hayakufika 16. Katika WONDER, idadi iliyo chini ya 10 hufichwa, na kiwango kilichojengwa juu ya vifo chini ya 20 huwekewa alama kwamba si cha kutegemewa.

Kuhusu kisima, tafadhali usisubiri takwimu. Sheria ya taifa ya maji salama haihusu visima vya watu binafsi. Hakuna anayekupimia usipopima mwenyewe. Omba maabara iliyoidhinishwa na jimbo ipime nitrati, dawa za mashambani zinazotumika eneo lenu, na benzini kama kuna kituo cha mafuta au tangi la zamani karibu. Benzini ni kisababishi cha lukemia kilichothibitishwa, na kikomo chake kwa maji ya umma ni mikrogramu 5 kwa lita. Kipimo cha kisima kitakuambia habari za kisima chako, jambo ambalo kiwango cha vifo cha kaunti hakiwezi.

SWALI: Mgonjwa wa lukemia akifa kwa maambukizi ya damu, takwimu zinamhesabu wapi? — *Mwanafunzi wa udaktari, Dar es Salaam*

JIBU: Inategemea kabisa mkono ulioandika cheti. Fomu ya Shirika la Afya Duniani ina mistari inayoshuka: (a) kilichomuua moja kwa moja, (b) kilicholeta hicho, (c) kilicholeta hicho kingine. Takwimu za kitaifa huchukua chanzo cha msingi, ambacho kwa kawaida ni mstari wa chini kabisa uliojazwa. Ukiandika (a) sepsisi, (b) upungufu wa chembe nyeupe, (c) lukemia kali ya mieloidi, kifo kitaingia C92. Ukiishia "sepsisi" peke yake, lukemia imepotea kwenye hesabu, na hospitali yenye madaktari wa namna hiyo itaonekana ina vifo vichache vya saratani ya damu kuliko taifa.

Andika aina, usiandike "saratani ya damu". Neno hilo mtaani hubeba lukemia, limfoma, saratani ya mfumo wa limfu (C81–C85), na mieloma, saratani nyingine ya uboho (C90), na mwenye kuweka misimbo hawezi kubuni. Tena angalia mielodisplasia, ule ugonjwa wa uboho ambao huweza kugeuka lukemia: msimbo wake ni D46 na hauhesabiwi kwenye C91–C95. Hospitali yenye vipimo vizuri vya uboho itawagawa wagonjwa hawa. Isiyo navyo itawaita wote lukemia.

SWALI: Huku Uingereza watu husimulia kijiji kilichokuwa na lukemia nyingi ya watoto karibu na mitambo ya nyuklia. Lilikuwa kweli, au ni bahati tu kama mnavyosema siku zote? — *Msomaji, Preston*

JIBU: Lilikuwa kweli. Kijiji ni Seascale, pwani ya Cumbria, jirani na Sellafield. Kipindi cha televisheni cha 1983 kilizua kelele, serikali ikamteua Sir Douglas Black achunguze, na ripoti yake ikatoka 1984. Katika wilaya ya Millom ya wakati huo, ambamo kijiji kilikuwemo, vifo vya lukemia vya walio chini ya miaka 25 kati ya 1968 na 1978 vilikuwa 6, ilhali vilivyotarajiwa kwa viwango vya taifa ni kama 1.4. Fanya hesabu ileile tuliyompa msomaji wa Iowa: mipaka ya vifo 6 ni 2.2 hadi 13.1, na hata ule wa chini umeipita 1.4. Vifo vichache, lakini pengo pana.

Hata hivyo "ni zaidi ya taifa" na "tunajua kwa nini" ni mambo mawili tofauti. Mionzi iliyokadiriwa kuwafikia watoto ilikuwa midogo mno kueleza vifo hivyo. Mwaka 1990 mtafiti Martin Gardner alipendekeza kwamba sababu ni mionzi waliyopata akina baba kazini kabla ya mimba kutungwa. Uchunguzi uliofuata kwingine haukuunga mkono. Mtafiti mwingine, Leo Kinlen, alikuwa ametoa maelezo mengine mwaka 1988: wafanyakazi wengi wageni wanapohamia mahali palipojitenga, maambukizi ya kawaida huenea kwa watu wasiowahi kukutana nayo, na lukemia huwa jibu la nadra la mwili kwa maambukizi hayo. COMARE, kamati ya wataalamu wanaoishauri serikali kuhusu mionzi, iliyoundwa 1985 kwa pendekezo la ripoti ya Black, ilisema mwaka 2016 kwamba ongezeko hilo halionekani tena kwa watoto wa miaka ya karibuni.

Ukisikia habari kama hii mtaani kwako, uliza mpaka na miaka vilichaguliwa lini. Mtu akishaona vifo, kisha akachora mpaka unaovizunguka na kuchagua miaka inayovikusanya, kiwango kitapanda daima, kwa sababu mpaka umechorwa kwa ajili hiyo. Tumia mipaka iliyokuwepo kabla ya maswali kuanza. Na uliza aina: watoto wanne wenye lukemia ya aina moja ni dalili nzito kuliko wazee kumi wenye saratani za damu zilizochanganyika.

SWALI: Mimi ni afisa wa kumbukumbu za afya Kisumu. Nataka kulinganisha vifo vya saratani ya damu hapa kwetu na vya Kenya nzima. Nianzie wapi? — *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Usianzie kwenye vifo. Anayefia hospitalini huandikwa kwenye fomu D1 na mtu wa afya. Anayefia nyumbani huandikwa kwenye D2 na naibu wa chifu, kwa sababu aliyoelezwa na jamaa, na vifo vingine haviandikishwi kabisa. "Alivimba shingo akapungukiwa damu" haiwezi kuwa limfoma wala lukemia kwenye takwimu. Kwa hiyo eneo lenye kiwango kidogo huenda ni eneo ambalo watu hufia nyumbani.

Na ile namba ya Kenya nzima inayotolewa na IARC ya Lyon, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ni makadirio yaliyojengwa juu ya rejesta chache za saratani kama za Nairobi na Eldoret. Ukilinganisha Kisumu nayo, kwa sehemu kubwa unailinganisha na Nairobi na Eldoret.

Hesabu wagonjwa wapya badala yake, na kwenu anzieni limfoma ya Burkitt kwa watoto walio chini ya miaka 15. Hapo tofauti ya mahali na mahali si ya bahati. Daktari Denis Burkitt alipoieleza akiwa Uganda mwaka 1958, kisha akaisaka kwa gari Afrika Mashariki na kusini mwaka 1961, aliona inapatikana nyanda za chini zenye joto na mvua na kutoweka nyanda za juu. Leo tunajua malaria ya mara kwa mara pamoja na kirusi cha Epstein-Barr ndivyo vinavyoiandaa. Kando ya Ziwa Victoria na Pwani ni maeneo yake. Wastani wa taifa, uliochanganya na milima isiyo na malaria, utawapunja watoto wenu.

Katika rejesta yako, safu isiyokosekana ni makazi ya mgonjwa hadi kata, kabla ya kuanza kuugua. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hupokea wagonjwa wa Siaya, Homa Bay na kwingineko. Ukiwahesabu wote juu ya wakazi wa Kisumu, kiwango kitaruka bila sababu. Wakazi wachukue kwenye sensa ya 2019 kwa rika. Weka safu ya namna ugonjwa ulivyothibitishwa (kipande cha uvimbe kimepimwa, au daktari ametazama tu), na tarehe ya mwisho mgonjwa kuonekana. Mtoto aliyeacha matibabu asiandikwe kuwa hai; aandikwe "hajulikani alipo tangu" tarehe fulani, na mhudumu wa afya ya jamii amfuate nyumbani ndani ya mwezi, wakati bado anaweza kurudishwa kwenye dawa.